Sauti Zisizo na Pumzi

Shangazi yake Nyemo alikuwa na miaka minne kaburini, lakini Alhamisi ile, saa mbili kasoro asubuhi, alimpigia simu kumuuzia godoro.

"Nyemo mwanangu, hujambo? Mgongo bado unakusumbua?" Sauti ilikuwa yake kabisa, na kile kikohozi chake kidogo cha kabla ya kuuliza jambo hakikusahauliwa. "Nimepata godoro hapa, mwanangu. Ukililalia siku moja tu..."

Nyemo alikata simu akailaza kifudifudi mezani. Mara ya kwanza alilia, mara ya pili alitukana, na hii ilikuwa mara ya kumi na ngapi sijui. Sasa alibaki na hasira kavu, ile inayomkaa mtu kooni mpaka chai inakosa ladha.

Huo ndio ulikuwa ustaarabu wa miaka ile. Kampuni za mauzo zilikuwa na mashine za kuokota sauti za watu popote zilipowahi kurekodiwa, harusini, kwenye vikao vya ukoo, kwenye salamu za sikukuu, kisha zikazivaa kama mtu anavyovaa koti la mwenzake. Dada yako alikupigia akuuzie sabuni. Mchungaji wako alikupigia akukatie bima. Na kwa kuwa mashine ziliazima mpaka namba za ndugu, watu wengi waliacha kupokea simu kabisa. Mama yake Nyemo, kule Bahi, aliifukia yake ndani ya debe la unga asiisikie. Mtoto wake wa kiume alipolazwa hospitali, habari zilimfikia kwa miguu, siku ya sita.

"Leo ndiyo mwisho wenu," Nyemo aliiambia simu.

Hakuwa anatishia bure. Alikuwa injinia mkuu wa Idara ya Milango ya Simu, pale Dodoma, na siku hiyo kabla jua halijazama mtambo alioujenga kwa miaka mitatu ulikuwa uwashwe nchi nzima. Waliuita Bawabu. Kazi yake ilikuwa kukaa mlangoni pa kila simu, kumsikiliza anayepiga na anayepokea, na kumrudisha alikotoka asiye mtu. Bunge lilipitisha sheria yake kwa tofauti ya kura mbili, baada ya kampuni kuwakirimu waheshimiwa mpaka wengine wakabadilisha saizi za mashati. Ziliposhindwa, zilifanikiwa kuchomeka kifungu kimoja kidogo: Bawabu asipoanza kazi ndani ya siku tisini, sheria inakufa. Hii ilikuwa ya tisini.

Bawabu aliwatambua watu kwa pumzi. Lilikuwa wazo la Nyemo, na alijivunia kama mama anavyojivunia mtoto wa kwanza. Mashine iliweza kuiga sauti, kikohozi, hata kigugumizi, lakini haikuwa na mapafu. Mtu akisema, hewa inaingia na kutoka ovyo ovyo, inapungua sentensi ikirefuka, inakwama akishtuka. Bawabu aliyasikia hayo haraka kuliko kupepesa jicho. Tangu Jumatatu walikuwa wakimjaribu wilaya nzima ya Kongwa, na tangu Jumatatu simu za mauzo zilizopita huko zilikuwa sifuri. Kongwa walipiga vigelegele.

Alikuwa bado anaikodolea macho sifuri hiyo kwenye skrini wakati mlinzi wa getini alipochungulia.

"Injinia, kuna mama hapa ametoka Kongwa. Sasa... sijui nisemeje. Anaongea kwa mashine."

*

Mama mwenyewe alikuwa mwembamba, kitenge chake kimenyooka kwa pasi, mkononi mkoba mweusi wa uuguzi. Shingoni alijifunga kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa kilining'inia kibati kidogo kama kifungo cha koti. Midomo yake ilipocheza, sauti ilitoka kwenye kibati, nyororo, ya msichana wa miaka ishirini.

"Shikamoo mama," Nyemo alisema, akimvutia kiti.

"Marahaba mwanangu. Usishangae. Hospitali walikuwa na sauti tatu tu: ya mwanamume, ya mtoto, na hii. Nina miaka sitini na saba, naongea kama bibi harusi."

Nyemo alitaka kucheka, akashindwa. Alijua alichokuwa anakiangalia, na hakutaka kukijua.

Jina lake lilikuwa Eufrasia Chiduo, nesi mstaafu, mkunga. Miaka mitano iliyopita saratani ilimla koo, madaktari wakalitoa, na tangu hapo alipumulia tundu dogo chini ya kile kitambaa. Kazi hakuiacha. Alikuwa na wajawazito kumi na tisa waliokaa mashambani, mbali na zahanati, na aliwapigia simu kila baada ya siku moja: umekula nini, mtoto anacheza, umeona damu?

"Tangu Jumatatu siwapati," alisema. "Nikipiga, nikifungua kinywa tu, inaniambia, 'Samahani, wewe si mtu.' Wakinipigia wao, nikisema haloo, inakata."

Maneno hayo Nyemo aliyatunga mwenyewe. Siku aliyoyaandika ofisi nzima ilicheka.

"Kuna mmoja, Yunia. Mimba ya kwanza, wiki ya thelathini na nane. Jumapili aliniambia miguu imevimba. Nilitaka Jumatatu nimuulize kama kichwa kinauma. Unaelewa, mwanangu? Miguu peke yake si neno. Miguu na kichwa, hapo mtu anaweza kufa."

"Nipe namba yake." Nyemo alipiga kwa simu yake mwenyewe. Iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena.

"Hapokei namba asiyoijua," nesi alisema. "Siku hizi nani anapokea? Jirani yangu alijaribu kwa simu yangu, lakini Yunia akisikia sauti ngeni kwenye namba yangu anadhani ni mashine, anakata."

"Na meseji?"

"Ana matangazo elfu mbili kwenye simu ile. Haijafunguliwa meseji pale tangu mwaka jana."

"Basi zahanati wamfuate!"

"Nimeshawaomba. Wana pikipiki moja, iko upande wa pili wa wilaya na chanjo, itamfikia kesho. Ningeweza kwenda mwenyewe kwa Yunia, ila wako kumi na tisa. Nikaona nije kwa aliyefunga mlango." Aliuweka mkoba magotini. "Kinachonishangaza ni kwamba mimi niliwasomea."

"Ulisoma nini, mama?"

"Ile aya yenu. Si mlitangaza wananchi wapige simu, wasome, mtambo uzijue sauti za watu? Nilisoma yote. Na penye koma nilitua."

Nyemo aliigeukia skrini taratibu, kama mtu anayejua nyoka alipo. Miezi saba nyuma walikusanya sauti laki mbili. Yeye ndiye aliyezichambua, na katika kuchambua alikuta arobaini na tatu zisizo na pumzi hata chembe. Alisema hizi zimeletwa na kampuni kutuharibia kazi. Akazitupa kwenye jalada aliloliita Uchafu, akaenda kula chakula cha mchana.

Sasa alilifungua, akaanza kusikiliza. Sauti zilikuwa tatu tu, zikijirudia: ya mwanamume, ya mtoto, ya bibi harusi. Ila watu walikuwa arobaini na watatu. Mmoja alisoma harakaharaka, mwingine alirudia neno mara nne kwa kuwa kibati kilikwama. Ya kumi na tisa ilitaja jina, Eufrasia Chiduo wa Kongwa. Ya thelathini ilimaliza aya, ikanyamaza kidogo, ikaongeza maneno ambayo hayakuwamo: "Ahsanteni kwa kutukumbuka na sisi."

Nyemo aliizima. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani, aibu ya kumfungia mtu nje huku anakusalimia.

"Nilikufuta," alisema. "Si mtambo, mama. Ni mimi, kwa mkono huu. Nilidhani ni uchafu."

Nesi Eufrasia alivuta kiti karibu. Alikuwa amewazalisha wanawake wengi waliolia na kujilaumu, na alijua kulia kunachukua muda.

"Sasa umenisikia," alisema. "Tufanyeje?"

*

Mkurugenzi wa Idara, mzee Lwitiko Mwasandube, alikuwa amekwisha vaa suti ya uzinduzi. Hakuwa mtu mbaya. Sheria hiyo ilimletea presha, vidonge vyake vilikuwa mezani kando ya hotuba. Alimsikiliza Nyemo mpaka mwisho, kisha akauliza wako wangapi nchi nzima.

"Kwa hesabu za hospitali, kama elfu kumi na moja."

"Na wanaoteswa na simu hizi ni mamilioni." Alisema hivyo kama mtu anayepima mzigo ambao hakuuomba. "Sikiliza, binti. Tunawasha leo. Wiki ijayo tunaweka kibali. Mwenye koo bandia anajaza fomu, daktari anasaini, Bawabu anampitisha. Mama, unaonaje?"

"Kibali cha kusema," nesi alisema. Sauti yake haikujua kupanda kwa hasira, ilitoka laini vilevile, na kwa hiyo ikauma zaidi. "Mkurugenzi, wewe ulijaza fomu gani ndipo ukasema neno lako la kwanza?"

Mzee Lwitiko alichezea kofia ya kalamu.

"Na si tusi tu, mzee," Nyemo aliingilia. "Kibali hicho kitakuwa bidhaa. Kampuni zitawafuata wagonjwa vitandani zikodi majina yao. Kabla mwezi haujaisha, kila mashine ya kuuza magodoro itakuwa na cheti cha saratani."

"Kwa hiyo unataka nisiwashe? Sheria ife? Unajua tutapata lini Bunge jingine la kutusikiliza?" Aliinuka, akaketi tena. "Mimi pia nina mama, Nyemo. Wiki jana marehemu baba alimpigia simu amuuzie jiko. Alimtayarishia chakula."

Nyemo alijikuta hana upande. Akiwasha, watu elfu kumi na moja wataambiwa kila siku kwamba si watu, na mahali fulani Yunia atangoja simu isiyoingia. Asipowasha, mashine zitaendelea kuvaa sauti za marehemu mpaka nchi nzima iifukie simu kwenye unga. Alitamani pawepo mtu mbaya mle ndani amrushie lawama. Hakuwepo.

"Sheria imesema asiye mtu azuiwe," alisema polepole. "Haikusema tumtambueje. Hilo liko kwenye kanuni, na kanuni unasaini wewe."

"Ndiyo."

"Nipe muda."

Mkurugenzi alitazama saa ya ukutani. "Saa kumi nasaini kitakachokuwa mezani. Kikiwa cha pumzi, nasaini cha pumzi."

*

Mpaka saa saba Nyemo alikuwa amejaribu njia nne kwenye mtambo wa majaribio pale ofisini, zote zikamrudisha palepale. Akimlegezea Bawabu masharti ya pumzi, nesi alipita, na nyuma yake walipita marehemu wote wa Dodoma na magodoro yao. Mwisho nesi alimshika mkono, akampeleka kantini kama mgonjwa anayegoma kula.

Waliletewa wali na maharage. Nyemo aliuliza kwa kusukuma muda tu, "Mama, zamani ulipokuwa unapita nyumba kwa nyumba, watu walijuaje kwamba wewe si mchuuzi?"

"Nilikuwa nasimama."

"Unasimama vipi?"

"Walikuwapo wauza dawa za minyoo, wana kipaza sauti kwenye baiskeli. Wanapita wakipayuka, nyumba hii, nyumba ile, mtaa mzima kwa pamoja, hawamngojei mtu. Mimi nasimama mlangoni pa mmoja. Hodi. Nangoja, labda ananyonyesha, labda anaoga. Hodi ya pili, nangoja. Ya tatu, kimya, basi naenda zangu, nitarudi kesho." Alimeza tonge, akafuta mdomo. "Miaka thelathini hakuna aliyeniuliza kama napumua."

Kijiko cha Nyemo kilibaki hewani. Aliuliza taratibu, kama anayeogopa kukurupusha ndege, "Mtu anaweza kupiga hodi milango mingapi kwa wakati mmoja?"

"Mmoja. Ana miili mingapi?"

Nyemo aliuacha wali, akarudi mbio, na nesi nyuma yake akilalamikia chakula kilichobaki.

Jambo lenyewe lilikuwa wazi mno hata likamwudhi. Kila laini nchini ilisajiliwa kwa dole gumba, mtu mmoja laini moja, na hata mashine ikiazima namba ya ndugu, Bawabu aliiona laini halisi iliyo nyuma yake. Lakini laini moja ya kampuni ilikuwa imeruhusiwa kufungua midomo elfu arobaini kwa mkupuo, kwa sababu mafundi wa zamani waliona inawezekana na hakuna aliyeuliza ni ya nini. Nguvu yote ya mashine zile ilikuwa hapo. Sauti ilikuwa vazi tu. Ukizidai pumzi leo, kesho zitatafuta ya bandia, ila ukizilazimisha zisimame kama mgeni, kazi imekwisha.

Aliandika kanuni mpya kwenye karatasi moja. Anayepiga atataja jina na kusema hodi, basi, hakuna neno lingine litakalopita. Atangoja nusu dakika, atabisha tena, atangoja, atabisha mara ya tatu. Asipofunguliwa ataondoka, na mlango huo hataugusa mpaka kesho yake. Laini itakayoonekana kwenye milango miwili kwa wakati mmoja itapoteza yote miwili. Sauti iwe ya koo, ya kibati au ya filimbi, haimhusu Bawabu.

Saa nane na nusu alimwagiza Bawabu wa Kongwa asahau pumzi na afuate hodi. Nesi alimpigia Yunia papo hapo, lakini simu ya Yunia ilikuwa imezimika kwa kuisha chaji. Kisha wakakaa mbele ya skrini, yeye, nesi, na mzee Lwitiko aliyekuja bila kuitwa, tai imelegezwa.

Mashine zilikuja zote kwa pamoja kama zilivyozoea. Katika dakika kumi za kwanza laini zao elfu na ushee zilivamia milango ya wilaya nzima, na kila iliyogusa miwili ikatupwa nje. Baada ya robo saa zilishtuka, zikaanza kubisha mmojammoja. Nyemo aliuma kidole akihesabu kichwani. Kwa mwendo huo, laini iliyokuwa ikifikia nyumba elfu arobaini kwa mkupuo ingefikia mia chache kwa siku, na nyingi zisiifungulie.

"Hiyo si kampuni ya mauzo tena," mzee Lwitiko alisema, tabasamu likimtoroka. "Hilo ni genge la nyanya."

Hata hivyo simu tisa za mauzo zilipita. Nane zilikatwa na wenye nyumba. Ya tisa ilikuwa ya kijana wa kweli, muuza taa za sola, aliyetaja jina la ukoo wake na kubisha mara tatu.

"Hii imepita, Nyemo. Ni tatizo?"

"Hapana, mzee. Huyo amesimama kama mgeni. Kumfungulia au kumfukuza ni juu ya mwenye nyumba."

Mkurugenzi alivuta pumzi. "Miezi mitatu tumewaambia wananchi tunatambua watu kwa pumzi. Tumebandika mabango. Nani atasimama mbele ya kamera aseme tulikosea?"

"Mimi."

Alisaini saa kumi kasoro dakika saba.

*

Ukumbi wa uzinduzi ulijaa. Mawakili wa kampuni walikaa safu ya mbele, tulivu, maana habari za mama wa Kongwa zilikuwa zimewafikia na walikuja kuona sheria ikijifia yenyewe. Nyemo hakuwa na hotuba. Aliishika meza kwa mikono miwili.

"Kuna watu arobaini na watatu waliotupigia simu kutusaidia," alisema. "Niliwasikia wanaongea kwa vifaa, nikaamua si watu, nikawatupa. Leo asubuhi mmoja wao alipanda basi kuja kunieleza kwamba ni mtu. Hakupaswa. Nawaomba radhi wote, na kuanzia leo hakuna atakayeombwa athibitishe hilo ili aongee na mwenzake. Ataombwa kitu kimoja tu: abishe hodi, angoje."

Wengine walinong'ona, mwandishi mmoja akauliza kwa sauti kama atajiuzulu, na Nyemo akamjibu kwamba hilo ni la wakubwa zake kuamua. Lakini kule nyuma mwanamume mmoja alisimama. Alikuwa na kibati shingoni. Watu wakaanza kupiga makofi kumwelekea yeye badala ya jukwaa. Wakili mmoja wa safu ya mbele alifunga mkoba wake. Saa kumi na moja na dakika ishirini, mzee Lwitiko alibonyeza kitufe, na jua lilikuwa bado liko juu ya vilima.

Nyemo alipomtafuta nesi hakumwona ukumbini. Alimkuta nje, ameketi kwenye ngazi za mlango wa nyuma, simu magotini, imewekwa sauti ya juu.

"Simu yake imewaka, nimeshapiga," nesi alisema. "Kaa."

Kibati kikasema kwa sauti ya bibi harusi, "Hodi. Ni Nesi Eufrasia."

Kimya. Nusu dakika haikuwahi kuwa ndefu hivyo. Nyemo, aliyeiandika mwenyewe kwenye kanuni, alitamani aifute.

"Hodi. Ni Nesi Eufrasia."

Huko ukumbini walikuwa wanaimba. Nesi hakugeuka. Mkono wake ulikuwa umeishika simu kwa chini, wazi, kama unaosubiri kupokea kichwa cha mtoto.

"Hodi. Ni Nesi..."

"Karibu! Karibu nesi, karibu!" Sauti ya Yunia ilikuwa inahema. "Jamani, siku nne! Napiga unakatika, napiga unakatika. Mtoto anacheza, ila kichwa kimeanza kuniuma mchana huu, na macho naona nyotanyota, nikasema ngoja nimuulize nesi kwanza. Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Nesi Eufrasia alikwisha simama, mkoba begani.

"Nilikuwa mlangoni, mwanangu. Mwite mumeo awashe pikipiki sasa hivi. Na usikate simu, nakwenda nawe mpaka hospitali."